Kaka Amesema Ni Yeye

Nyumbani kwetu,
Chumba cha uani.
Jumapili mchana, mwezi wa nane.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, miguu imepungua kuvimba, na baridi ya huko imeanza kukuonea huruma. Binamu hajambo? Mumewe je? Na wajukuu wote hawajambo? Nasikia yule mdogo kabisa ameanza kutambaa, na kwamba ukitoka chumbani analia mpaka urudi. Nimemwonea wivu, Shangazi, nakwambia kweli. Mimi nikilia hapa harudi mtu.

Sisi huku tunapumua. Saluni yangu ipo palepale, viti vitatu na kioo kilekile chenye ufa pembeni. Kitinda naye hajambo, ameongezeka mwili, na bado anakula kama anayefukuzwa. Chumba chako nakifagia kila Jumamosi. Ndara zako zipo chini ya kitanda, na siku nikizidiwa nazivaa nizunguke nazo ndani, ili nisikie ile kwapu kwapu ya miguu yako. Kitinda alinikuta siku moja akanicheka, halafu akageuza uso akatoka nje.

Usinishangae kuandika wakati simu ipo. Simu yako huko ikiita inawekwa spika, wajukuu wanajaa, kila mtu anataka kunisalimia, na mwisho tunakata bila kusema kitu. Haya ninayokuandikia si ya kusikilizwa na watoto. Nimempa barua mkunga wa jirani, anakuja huko kumwona mwanawe, na nimemwapisha akuwekee mkononi mwako wewe mwenyewe. Sasa tafuta pa kukaa.

Kaka yuko mahabusu tangu mwezi wa nne. Ana kesi.

Najua umerudia kusoma mstari huo. Ndivyo ulivyo. Zile habari kwamba amehamishiwa tawi la mbali na simu yake imeharibika zilikuwa uongo mtupu. Aliyeutunga ni yeye, akatukataza mimi na Kitinda tusikwambie neno, eti moyo wako. Kitinda ndiye aliyenogesha kwa kusema huko mtandao haushiki. Mgombeze kwa zamu yako, mimi nimeshamgombeza mpaka nimechoka.

Ilikuwa hivi. Kile kiwanda cha kufulia nguo za hoteli na hospitali, ambako Kaka ni msimamizi wa zamu, kiliungua. Wewe hukuwahi kuingia ndani, kwa hiyo nikueleze. Ukiingia mbele kuna ofisi, kando yake chumba cha pasi, kisha ukumbi mrefu wa kufulia, na nyuma kabisa ndiko ziliko mashine za kukaushia. Moto ulianza wakati watu wanakaribia kubadilishana zamu. Moshi ukajaa kote, mtu hamwoni mwenzake. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa mnyororo, na Kaka ndiye aliyeuvuta mnyororo ule kwa mikono mitupu mpaka komeo likang'oka, watu wakapita, yeye akatoka wa mwisho. Hakufa mtu, tunashukuru. Viganja vyake vilibabuka. Vimepona sasa, ila kidole kidogo cha kulia hakikunjiki.

Wote walikuwa wamekaa chini kando ya ukuta wakikohoa askari walipofika. Palikuwa na binti mmoja anayepiga pasi, mjamzito, amejishika tumbo analia, anarudia maneno yaleyale kwamba hakumbuki kama alizima pasi yake. Askari akauliza nani anahusika hapa. Kaka akainuka na mikono yake ile inayochuruzika, akasema, "Ni mimi. Hawa waacheni waende kwao."

Wakamchukua. Kituoni wakamsomea kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema linaweza kutumika mahakamani. Mtu mwenye akili zake angenyamaza hapo. Yeye akajibu kwamba hana cha kuficha, kosa ni lake, wengine wasisumbuliwe. Wakaandika. Akaweka dole gumba, maana kalamu haikushikika kwa bandeji.

Nilipomfikia asubuhi yake nilikuwa na hasira za kumtafuna mzimamzima. Nikamuuliza, wewe uliwasha moto? Akasema hapana. Sasa umesemaje ni wewe? Akanitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Akasema, "Si mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale?"

Shangazi, hapo nilikaa chini. Nikakuona wewe umesimama mlangoni na mkono kiunoni, unauliza nani mkubwa hapa. Kikombe kimevunjika, taa imepasuka, kuku wa jirani amefungiwa kabatini, swali lilikuwa hilohilo moja. Aliye mkubwa anajibu ni mimi, anakwenda kuosha vyombo vyote vya siku ile, na mambo yameisha. Hakuna kuchunguza, hakuna kushtakiana, na ole wake atakayesema si mimi. Ulisema hutaki nyumba ya watoto wanaonyoosheana vidole. Na kweli hatukunyoosheana. Mimi na Kitinda tulivunja kwa raha zetu, Kaka akaosha. Nadhani hata mvua ikinyesha nguo zikiwa kambani alikuwa tayari kuikiri.

Sikulaumu. Ulikuwa na watoto watatu si wako wa kuzaa, huna mume, una cherehani na mgongo mbovu, ungefanyaje? Ulitufanya tukawa kitu kimoja. Lakini yule mwenzetu aliichukua sheria ile akaenda nayo kazini, akaenda nayo kituo cha polisi, na huko hakuna vyombo vya kuosha.

Shtaka lenyewe ni kuchoma jengo kwa makusudi. Mwenye kiwanda amesema kwamba siku chache kabla ya moto Kaka aligombana naye mbele ya wafanyakazi, na hilo ni kweli. Waligombana kwa ajili ya mnyororo uleule wa mlango wa nyuma. Kaka alitaka uondolewe, tajiri akasema ukiondolewa mashuka yatatembea. Kaka akafoka, na unajua anapofoka, mtaa mzima unafunga madirisha. Sasa ugomvi ule umekuwa sababu, maneno ya kituoni yamekuwa ungamo, na kutoka wa mwisho kumekuwa dalili kwamba alibaki nyuma kuhakikisha panaungua. Ukizipanga hivyo mfululizo, hata mimi dada yake naweza kumwogopa.

Tumepata wakili, mwanamama mfupi anayesema polepole na kunywa chai iliyopoa. Sikumpenda mwanzoni, nilitaka mtu wa kupiga meza. Alinikalisha ofisini kwake, juu ya duka la viatu, akanieleza kwamba shtaka si donge moja la kumeza au kutema. Lina vipande. Lazima wathibitishe kwamba moto uliwashwa na mtu, haukuzuka wenyewe. Wathibitishe kwamba mtu huyo ni Kaka. Kisha wathibitishe kwamba alikusudia. Kipande kimoja kikikosekana, shtaka haliwezi kusimama. Na kazi hiyo ni ya wanaomshtaki, si yetu. Sisi hatudaiwi kumleta aliyewasha.

Hilo la mwisho lilinichukua muda kuelewa. Nilikuwa nimeshaanza kuhoji watu mtaani kama mpelelezi, nikimtilia shaka huyu na yule, mpaka mlinzi wa jengo la jirani akaanza kunikimbia. Wakili alisikia akanikemea. Kumbe mlinzi yule ndiye aliyeona moshi wa kwanza, tena aliuona upande wa nyuma kwenye mabomba ya mashine za kukaushia. Nusura nimfukuze shahidi wetu kwa ukali wangu mwenyewe.

Mahakama nayo ina lugha yake. Mara ya kwanza nilifunga saluni, nikavaa gauni la harusi ya Binamu, Kitinda akaomba ruhusa kazini, tukaenda kusikiliza kesi. Hakimu akafungua jalada, akasema inatajwa tu, akataja siku nyingine, tukatoka. Nilikuwa sijamaliza hata kukaa vizuri. Tumeenda kutajwa mara nyingi tangu siku ile. Dhamana ilikataliwa kwa sababu mashahidi ni watu aliokuwa akiwasimamia, wakasema atawatisha. Sasa nimezijua hizi habari kiasi kwamba wateja wangu wakipata hati ya kuitwa mahakamani wananiletea niwasomee huku nawasuka. Wananiita wakili wa nywele. Nacheka nao, kisha nikifunga mlango jioni nakutafuta wewe nikusimulie, na hupo.

Wakili aliomba tuonyeshwe jengo lililoungua, tukaenda naye mimi na askari mmoja. Shangazi, huko nyuma pamekuwa mkaa. Mashine zimeinama, bati limeanguka juu yake. Lakini tulipofika mbele kwenye chumba cha pasi nilishika mdomo. Pazia linaning'inia dirishani. Limeingia weusi wa moshi, basi. Vitambaa vya kupigia pasi bado viko juu ya meza zake. Pasi ya yule binti ilikuwa imesimama kwenye kibao chake, na waya wake umechomolewa ukutani.

Unaelewa maana yake? Alikuwa ameizima. Kaka alibeba kosa ambalo halikutendeka, la mtu ambaye hakukosea.

Nilikimbilia mahabusu siku ya kuonana nikiwa na habari hizo kama mtu aliyebeba zawadi. Tunaonana kwenye chumba chenye meza ndefu na wavu katikati, kila mtu anapiga kelele ili asikike na wake. Nikamweleza yote, pazia, waya, mlinzi, moshi wa nyuma. Nilitaka aruke kwa furaha. Yeye akakuna kile kidole kisichokunjika. Halafu akaniuliza, ikiwa ulianzia kwenye mashine za kukaushia, si watamkamata yule mzee anayeziendesha? Mzee wa watu amebakiza kidogo astaafu.

Nilimtukana, Shangazi. Nisamehe, nilimtukana mpaka askari akanigeukia. Nilimwambia hata wakisema ulianzia jikoni kwa shetani, yeye atasimama aseme shetani mwacheni.

Wakili alikwenda mwenyewe baada yangu. Alimweleza taratibu kwamba si lazima moto uwe na mwenyewe. Vumbi la nguo likijaa kwenye mabomba linaweza kushika moto lenyewe, na hakuna atakayefungwa kwa hilo. Mahakama haitafuti mkubwa wa kujibu, inatafuta kilichotendeka. Aliporudi aliniambia kitu kilichoniuma. Alisema amewatetea watu wengi wanaoficha walichokifanya, lakini hajawahi kupata mtu anayekataa katakata kuacha kosa lisilo lake.

Upande wa mashtaka umemaliza mashahidi wao. Yale maelezo ya kituoni yaliposomwa hakimu alimuuliza Kaka kama anayapinga, akatikisa kichwa, yakapokelewa. Wakili alifumba macho pale pale. Hakimu akaamua kwamba Kaka ana kesi ya kujibu. Maana yake sasa ni zamu yake. Anaweza kupanda kizimbani akajieleza, au akanyamaza, ni haki yake. Mlinzi atakuja, yule binti wa pasi naye atakuja, amejitokeza mwenyewe na mtoto wake mgongoni. Lakini wakili anasema wote hao hawawezi kueleza kwa nini mshtakiwa alisema ni yeye. Maneno yametoka kinywani mwake, na kinywa chake ndicho kitakachoyaeleza. Akinyamaza, hakimu atabaki na yale ya kituoni. Na kifungo cha kosa hili ni kirefu, Shangazi. Sitaki hata kuandika. Akitoka, Kitinda atakuwa na mvi.

Na Kaka amesema atanyamaza.

Tumembembeleza wote. Kitinda, ambaye hajawahi kulia mbele ya mtu tangu aote ndevu, alilia kwenye wavu ule. Kaka akamfariji yeye! Anamwambia usijali mdogo wangu, kula vizuri. Nilitoka nje nikaegemea ukuta nikajisemea laiti ungekuwepo. Ungeingia pale na mkoba wako, ungekohoa kile kikohozi chako cha kuanza maneno, na angesimama wima kabla hujafungua mdomo.

Ndiyo sababu ya barua hii. Sikuombi uje, najua hali yako na najua safari ilivyo. Hapana, nadanganya. Nakuomba uje kila siku, nikiamka na nikilala, lakini najua huwezi. Ninachoweza kuomba ni neno lako. Mkunga atarudi kabla ya siku ya utetezi. Mwandikie Kaka kwa mkono wako, mistari michache tu, mwandiko wako anaujua. Sijui uandike nini. Mimi ningemwandikia matusi. Wewe ndiye uliyetuwekea ile sheria, na hakuna mwingine chini ya jua anayeweza kumwambia imekwisha.

Wakili anasema barua itabidi ipite kwa askari wa pale, wataisoma kwanza. Wasome tu. Usimwelekeze aseme nini mahakamani, hilo litatuharibia. Kweli anaijua mwenyewe. Mpe ruhusa ya kuisema, basi.

Ijumaa nilimwambia kwamba nitakuandikia. Nilidhani atanikasirikia kwa kuvunja ahadi. Kengele ya kutuondoa ikapigwa, watu wakaanza kuinuka, na mimi nikainuka. Ndipo akanisogelea wavuni. Sikuwahi kumwona hivyo, Shangazi, uso wake ulikuwa wa yule mtoto uliyemkuta siku ulipokuja kutuchukua. Nilidhani atakutumia salamu.

Aliniambia, "Mwambie Shangazi nimechoka kuwa mkubwa."

Nimekufikishia.

Msalimie Binamu na shemeji, wabusu wajukuu wote, na yule anayetambaa umbebe kwa niaba yangu. Kitinda anakupa shikamoo na anaomba msamaha kwa habari za mtandao. Mama mwenye nyumba anakusalimu, na wateja wangu wa zamani waliowahi kukaa ukiwasimulia hadithi kibarazani. Mungu akutunze, akulainishie baridi ya huko, akupe usingizi hata baada ya kusoma haya, na atukutanishe tena sote wanne katika chumba kimoja.

Ni mimi binti yako wa saluni, nikupendaye na kukungoja,

Dada wa Kitinda.